Nani yuko karibu nawe? Shajara ya ulezi wa vijana kwa simu, Januari hadi Juni 2025

Jumapili, 26 Januari

Matokeo ya kidato cha nne yalitoka Alhamisi, na leo tumegawana vijana. Tuko walezi wanne tuliosoma sekondari moja ya mkoa wa Morogoro kwa miaka tofauti: mwalimu mstaafu, fundi bomba, mhasibu, na mimi, fundi sanifu wa dawa. Mwaka jana tulijaribu kuwasaidia wahitimu kwa kundi la WhatsApp. Waliopata daraja la kwanza waliongea, waliopata la nne walisoma kimyakimya, waliopata sifuri wakajitoa mmoja mmoja bila kuaga. Safari hii ni mmoja kwa mmoja, dakika 45 kila baada ya wiki mbili, mpaka kila kijana ajue anakokwenda, iwe kidato cha tano, chuo, ufundi stadi wa VETA au kurudia mtihani.

Wangu ni wanne, na humu nitawaita kwa mahali wanapoishi: binti wa Kilosa, kijana wa Turiani, binti wa Ifakara, kijana wa Mikumi. Wana miaka 16 na 17, kwa hiyo kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 bado ni watoto. Kila nyumba imetia saini karatasi ya ruhusa. Ratiba ya vikao vyangu anayo mhasibu, naye ana haki ya kuniuliza siku yoyote nimeongea na nani, saa ngapi, kwa muda gani. Ukurasa wa kwanza wa daftari nimeandika 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto, kwa siku nitakayosikia jambo lililo kubwa kuliko mimi.

Jumatano, 5 Februari

Kikao cha kwanza na binti wa Kilosa. Daraja la tatu, pointi 24: C za Kiswahili, Historia, Kiingereza na Biolojia, D za Kemia, Jiografia na Uraia. Tuliwasha video. Alikaa wima kama aliyeitwa ofisini kwa mkuu wa shule. "Shikamoo madam." Nikamwambia aniite dada. Nilipomuuliza angependa kusomea nini, akajibu famasia.

Nilifurahi mno. Nikamweleza kwamba C ya Biolojia na D ya Kemia, pamoja na masomo mengine mawili aliyofaulu, vinamtosha kuomba stashahada. Nikaeleza miaka mitatu ya chuo, mafunzo kwa vitendo hospitalini, dirisha la dawa linavyokuwa siku ya kliniki ya watoto. Kila nilipotua aliitikia "sawa dada". Saa ilipoisha niliandika: kikao kizuri sana.

Jumatano, 19 Februari

Mwalimu mstaafu ametupa zoezi. Chora safu mbili, M ya mlezi na K ya kijana. Kila dakika inapokatika, weka alama kwa yule aliyeongea zaidi. Nimelifanya leo kwa watatu. Wa nne, wa Mikumi, simu yake haikupatikana.

Binti wa Ifakara: M 14, K 31. Ana daraja la pili, anataka PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia za kidato cha tano, anajua na sababu. Huyu anahitaji masikio tu.
Kijana wa Turiani: M 30, K 15.
Binti wa Kilosa: M 38, K 7.

Na hizo 7 ni "sawa dada", "ndiyo dada" na "nimeelewa dada". Dakika 38! Nilidhani namlea, kumbe nilikuwa namhutubia. Tukiwa tumekaa naye kwenye benchi ningeona mapema, maana mtoto aliyechoka kusikiliza huchezea vidole, huchora chini kwa kidole cha mguu. Kwenye simu namwona kuanzia mabega kwenda juu, na mabega yake hayakutikisika.

Alhamisi, 20 Februari, usiku

Saa nne na dakika arobaini umeingia ujumbe kwa namba nisiyoijua. Naunakili kama ulivyo, nikiruka jina:

"shikamoo dada ni mimi wa kilosa nimeazima simu ya jirani. samahani jana na siku ile ya kwanza mjomba alikuwa amekaa hapa mlangoni. simu ni yake. usinijibu dada"

Nimeusoma nimesimama jikoni, chai ikamwagika jikoni kwa kuchemka na sikuiona. Sasa nakumbuka vizuri. Kila swali nililouliza, kabla ya kujibu macho yake yalikwenda kushoto, juu kidogo ya simu, kisha yakarudi. Nilidhani anafikiri. Alikuwa anamtazama mtu. Na famasia ilitoka wapi? Kwenye karatasi ya ruhusa. Niliandika kazi yangu kwa mkono wangu mwenyewe, mjomba akaisoma, akaona mlango umefunguka.

Sikujibu, kama alivyoomba. Nimempigia mhasibu, nimemsomea, ameandika kwenye kumbukumbu zake.

Jumapili, 23 Februari

Walezi wote tumekutana kwa simu, saa nzima, kwa ajili ya ujumbe huo mmoja.

Swali la kwanza halikuwa la masomo. Tulijiuliza kama mtoto yuko salama. Mwalimu mstaafu anaifahamu ile nyumba: mama ni mjane, anauza maandazi stendi, na mjomba ndiye aliyebeba sare, daftari na chakula cha mitihani ya kujipima kwa miaka minne. Hakuna aliyewahi kusikia ubaya wowote. Hilo limetutuliza bila kutulaza. Tumekubaliana nimuulize binti mwenyewe, wazi, nitakapopata nafasi ya kweli.

La pili lilileta mabishano. Mimi nilipendekeza neno la siri. Akiwa hayuko huru aniulize kama Morogoro mvua imenyesha, nami nitajua, nihamie kwenye mazungumzo ya kawaida. Fundi bomba aliliona zuri. Mwalimu akalikataa pale pale. Alisema mtu mzima wa mbali anayempa mtoto wa watu neno la siri dhidi ya wakubwa wa nyumbani kwake, hata akiwa na nia safi, anamzoesha jambo ambalo kesho mtu mwingine atalitumia vibaya. Nilikaa kimya. Yuko sawa, na nimeifuta mistari miwili niliyokuwa nimeshaiandika.

Kisha akanikumbusha jambo ambalo mimi, Mluguru, sikupaswa kukumbushwa. Kwetu ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba kwa mtoto wa dada yake hana cheo cha mgeni. Kwa wenyeji wengi wa Kilosa, Wakaguru na Wasagara, ni hivyohivyo. Yule mzee kukaa mlangoni hakuwa akipeleleza. Alikuwa amekaa mahali pake. Kosa langu ni kupita mbele yake bila hodi, nikaenda moja kwa moja kwa mpwa wake kana kwamba saini kwenye karatasi imemaliza kila kitu.

Jumapili, 9 Machi

Ni mwezi wa Ramadhani, nimempigia mjomba baada ya tarawehe. Nimeamkia, tumeulizana hali, swaumu, mvua, bei ya mchele. Dakika kumi zilipita kabla ya kugusa lililonipeleka, na nafikiri zile kumi ndizo zilizofanya kazi.

Nilimwambia nimefanya makosa, nilianza na mtoto kabla ya kuanza naye. Akanyamaza. Kisha akasema, taratibu, akiniita mwalimu kwa heshima: "Mwalimu, simu ni yangu na mtoto ni wangu. Nikitoka nje nitajuaje mnaongea nini?" Ni swali halali. Mtu akimpigia mwanangu kila wiki mbili ningeliuliza hilo hilo, pengine kwa sauti kali zaidi.

Tumepatana hivi. Kila kikao dakika tano za kwanza ni zake: ananiuliza anachotaka, ananiambia kinachomhangaisha. Baada ya hapo anatoka kwenda kukaa barazani, ambako anamwona binti lakini hasikii maneno. Mwisho wa kikao binti mwenyewe ndiye atakayemweleza tulichoamua. Mimi sitapeleka habari wala kuficha. Nikisikia jambo linalohatarisha usalama wa mtoto sitalitunza, nitamfikishia anayehusika, na binti atalijua hilo kabla hajaanza kusema. Video tumeiacha. Imekula kifurushi chake mara mbili, na kwa kweli haikunisaidia kuona lililokuwa la kuonwa.

Alipoaga alisema: "Mimi nataka asirudi kuuza maandazi." Hilo nimelipigia mstari.

Jumatano, 19 Machi

Mjomba alitumia dakika zake tano zote, na nyingine mbili. Aliuliza mkopo wa chuo, hosteli, na kama ni kweli ada ya kidato cha tano na sita imefutwa. Ni kweli, tangu mwaka wa masomo wa 2022/23 kwa shule za serikali. Hakuwa analijua hilo kwa uhakika! Kumbe sehemu ya kung'ang'ania chuo ilitokana na kudhani miaka miwili ya sekondari ya juu ingemgharimu zaidi.

Nikasikia kiti kinaburuzwa, mlango, kisha sauti ya binti karibu sana na simu.

Sasa nimekuwa na swali moja la kufungulia kila kikao, kwa wote: "Uko wapi sasa hivi, na nani yuko karibu nawe?" Nauliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza umeamkaje, na jibu lolote ni sawa. Kama kuna mtu karibu tunazungumzia tarehe, fomu, masomo. Kama hakuna, tunaenda mbali zaidi.

"Nipo chumbani, mama yuko stendi, mjomba barazani."

Nilimuuliza kwanza kama kuna mtu nyumbani au mtaani anayemtisha au kumwumiza. Akasema hapana, kisha akaongeza, "wananipenda tu kwa nguvu." Halafu nikauliza: kama hakuna anayesikia, ungechagua nini?

Kimya. Mwalimu ametufundisha kuhesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kuokoa kijana kwenye kimya chake. Nilifika kumi. Nikahesabu tena. Kimya cha kwenye simu ni kizito kuliko cha uso kwa uso, kwa sababu hujui kama ni kufikiri au mtandao umekata. Mara mbili nilitazama kioo kuhakikisha bado tupo hewani. Nilikuwa saba ya mara ya pili aliposema:

"Mimi dawa sizitaki dada. Samahani."

Aliomba radhi! Mtoto anaomba radhi kwangu kwa sababu hataki kazi yangu. Nimemwambia hana deni, na kwamba mimi ndiye niliyeijaza ile saa kwa habari zangu. Kisha akaongea. Anataka HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Aliandika insha za kidato cha tatu ambazo mwalimu wake alizisomea darasa lingine, na tangu siku hiyo anajiona mwalimu wa Kiswahili, amesimama, chaki mkononi. Alinisomea aya moja kutoka kwenye daftari la zamani, kuhusu mama yake akikanda unga saa tisa usiku. Nilisikia kurasa zikifunuliwa.

M 11, K 34.

Jumapili, 6 Aprili

Kijana wa Turiani. D saba, pointi 28, daraja la nne. Kwenye vikao vitatu vya kwanza alijibu kwa mkato, na mara mbili alisema mtandao unasumbua wakati mimi nilimsikia vizuri kabisa. Leo alipokea akiwa gereji ya shangazi yake, akaniuliza kwa haya: "Dada, naruhusiwa kuendelea kuziba pancha huku tunaongea? Nimevaa ispika za masikioni."

Nikamwambia endelea. Na yule kijana wa mkato akaongea nusu saa. Nilisikia tairi likitolewa kwenye rimu, mpira ukizamishwa kwenye beseni kutafuta povu, msasa ukisugua. Katikati ya kusugua ndipo aliposema kwamba siku ya matokeo alikwenda mashambani, akakaa kwenye miwa mpaka giza, kwa sababu baba alikuwa ameshamwambia kila mtu kazini kwamba mwanawe anakwenda kidato cha tano. Kwenye video, tukitazamana, asingelisema. Mikono ikiwa na kazi mdomo hupata nafuu. Nimeliona kwa kina mama wanaochambua mchele, sijui kwa nini nilidhani kwa vijana ni tofauti.

Anataka kurudia mtihani mzima. Nilimuuliza ni kwa ajili ya nani. Alisugua kwa muda. "Kwa ajili ya baba." Hatukuamua chochote leo, na sikumsukuma. Nimempa kazi mbili za kufanya kwa miguu yake: aende kituo cha VETA kilicho karibu aulize kozi ya ufundi magari inachukua nani na lini, na amuulize mwalimu wake wa zamani mtu wa kujitegemea anajisajili vipi na kwa gharama gani. Arudi na majibu ya watu, si ya mtandaoni.

Kijana wa Mikumi: bado hapatikani. Fundi bomba anapita huko kikazi wiki ijayo, ataulizia nyumbani.

Jumapili, 27 Aprili

Muda wa kubadili tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano, au chuo, kwenye mfumo wa TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapanga wanafunzi, unakaribia kufungwa. Chaguo la kwanza la binti wa Kilosa lilikuwa limewekwa chuo cha afya, na aliyeliweka ni mjomba, steshenari, mwenyewe hayupo.

Kikao cha wiki mbili zilizopita tulikitumia chote kwa jambo moja, jinsi ya kumwambia. Sikumwandikia maneno. Nilijifanya mjomba, yeye akajaribu, akashindwa, akacheka, akajaribu tena. Mara ya nne alianza hivi: "Mjomba, nakushukuru kwa miaka minne." Nikamwambia aache hapo, asiongeze kitu mpaka mjomba ameitikia.

Leo dakika za mjomba zilikuwa mbili tu. "Mwalimu, amenieleza. Alinisomea na kile alichoandika cha mama yake." Akakohoa. Jana walikwenda steshenari pamoja. HKL imekuwa ya kwanza, chuo kimeshuka chini yake. Hakusema amefurahi. Alisema, "tutaona," na mimi naliheshimu neno hilo, kwa sababu wasiwasi wake haujaisha na hakuna aliyemthibitishia kwamba ualimu utampa mpwa wake ajira.

Jumatano, 14 Mei

Habari za Mikumi: simu iliuzwa mwezi Februari, kijana yuko kwa kaka yake Dumila, analima. Mama yake alimwambia fundi bomba kwamba mtoto aliona aibu kusema simu haipo tena. Tumeandika barua, imepelekwa kwa mkono, ina namba zetu wote wanne. Mradi wa simu humwacha nje asiye na simu, na sisi hatukumpangia njia ya pili tangu mwanzo. Ni kasoro yetu, na kabla ya Januari ijayo kila kijana atakuwa na mtu mmoja wa karibu, jirani au mwalimu, tunayeweza kumfikia kwa miguu.

Jumapili, 8 Juni

Uchaguzi wa kidato cha tano umetangazwa Ijumaa. Binti wa Ifakara: PCB. Binti wa Kilosa: HKL, shule ya bweni ya wasichana mkoani Iringa. Alinipigia yeye kabla sijampigia, akapiga kelele, nyuma nikamsikia mama akipiga vigelegele.

Kijana wa Turiani hakuwemo, kama tulivyotarajia. Alirudi na majibu ya watu: ataomba ufundi magari awamu ijayo, na masomo matatu atayarudia mwakani kama mtahiniwa wa kujitegemea akiwa tayari kwenye karakana. Baba yake alikwenda naye kituoni. Amesema mzee alisimama muda mrefu akitazama injini iliyofunguliwa, kisha akamuuliza mwalimu wa karakana maswali zaidi ya aliyouliza yeye.

Jumapili, 29 Juni

Kikao cha mwisho cha simu na binti wa Kilosa kabla ya kuripoti. Tulikuwa na orodha ya fomu ya kujiunga: godoro, ndoo, viatu vyeusi, sweta, maana Iringa Julai si Kilosa. Mjomba amenunua godoro. Mama ametoa pesa ya sweta kwenye maandazi.

Nilijiandaa kuuliza swali langu la kufungulia. Akaniwahi.

"Dada, uko wapi sasa hivi, na nani yuko karibu nawe?"

Nilitazama. Mwanangu alikuwa amelala kwenye kochi, hatua mbili kutoka nilipo, na mume wangu mlangoni akifunga viatu. Zaidi ya miezi mitatu nimeulizia vyumba vya wengine, na mara ngapi binti huyu alinieleza mambo yake huku nyumba yangu nzima ikipita nyuma yangu? Nikamwambia ukweli, nikachukua daftari, nikaenda kukaa uani chini ya mpera.

"Sasa niko peke yangu."

"Haya," akasema, na akaniambia anaogopa bweni. Hajawahi kulala mbali na mama hata usiku mmoja. Tulikaa humo dakika zote zilizobaki.

Shuleni simu haziruhusiwi, kwa hiyo mpaka likizo ya Desemba tutaandikiana. Barua hupitia kwa matroni na huenda zikafunguliwa. Tumekubaliana kuandika tukilijua hilo, na mazito yasubiri likizo. Anwani ya sanduku la posta ya shule ninayo. Nimenunua bahasha sita na stempu, nne nimempelekea kwa basi la leo jioni, mbili zimebaki kwangu.